Fundi Yohana na Nyufa za Mwamba

Juzi tumemzika Fundi Yohana kule Mlangali, na leo asubuhi nimejikuta natafuta namba yake nimpigie.

Wengi hamkumjua. Alikuwa mlipuaji kwenye machimbo yetu ya kokoto nje ya Makambako. Kichomi kimemwondoa ndani ya wiki moja.

Mimi pale ni injinia. Nilitengeneza simulation: mwamba unaujenga kwa maelfu ya chembe zilizoshikamana, unaulipua kwenye kompyuta, unaona mawe yataangukia upande gani. Kwangu yaliangukia shimoni kila mara. Kwenye site yakaruka kushoto, mpaka kwenye maharage ya watu.

Yohana hakunicheka. Alinisalimu tu, "Kamwene injinia, njoo uone." Akachukua chaki, akaanza kuchora kila ufa kwenye ukuta wa mwamba, na baridi ile ya Juni. Akasema mwamba haupasuki unavyotaka wewe, unafuata nyufa zake.

Siku tatu yeye anachora, mimi napima. Kwenye kompyuta nikalegeza chembe kwenye mistari ileile. Mlipuko uliofuata, kifusi kikalala karibu kabisa na pale kompyuta iliposema. Yohana alicheka hadi akakaa chini.

Sasa hili ndilo linalonitafuna.

Siku ya presentation Njombe, bosi aliniuliza wazo la nyufa nililipata wapi. Yohana alikuwa amekaa nyuma yangu. Nikajibu, "Nilisomasoma tu."

Sikugeuka kumtazama.

Tulivyorudi Makambako alininunulia hindi la kuchoma, akaniuliza hali ya mama yangu. Hakuligusia kabisa. Nikajiambia wiki ijayo nitamwomba radhi. Ikaja wiki nyingine, na nyingine.

Msibani mkewe, Mama Neema, alinishika mkono akawaambia ndugu, "Huyu ndiye aliyemfundisha mume wangu mambo ya kompyuta. Alikuwa anamsifia sana."

Nikasoma rambirambi za kazini, nikakaa. Mara ya pili hiyo namnyima sifa yake.

Jana nimemwandikia bosi ukweli wote, nimeomba jina la Yohana liwekwe kwenye report, juu ya langu. Hajajibu. Akikataa, angalau ninyi mmejua.

Shemeji, Mama Neema, mimi sikumfundisha mume wako chochote. Yeye ndiye aliyenifundisha, nami nikamkana akiwa amekaa palepale.

Kaka Yohana, haya ulistahili kuyasikia ukiwa hai. Nisamehe. Lala, kaka yangu.