Bakuli Lisilooshwa

Juzi nilipita Kilosa, nikamwomba dereva asimame palipokuwa na kijiji chetu cha ujamaa. Zile nyumba zilizopangwa mistari kama madawati hazipo tena, umebaki ufuta mtupu. Nilitamani kunusa moshi wa kuni na mlenda wa bibi. Badala yake nikakumbuka uongo wangu.

Siku zile, ndugu yangu, malori yalishusha watu tusiowajua, tukawa majirani kwa amri. Nyumba ya pili kutoka kwetu aliwekwa dada mmoja wa milimani, mwenye mimba ya kwanza, pamoja na mumewe. Bibi hakuwaamini wageni, lakini alimpelekea ugali na mlenda. Kesho yake yule dada alikuja na bakuli, akapiga goti.

"Shikamoo bibi. Ahsante sana."

Bibi aliitikia marahaba kwa shida. Bakuli halikuoshwa, mlenda umekaukia pembeni.

"Kanirudishia makombo yangu," bibi akasema baada ya mgeni kuondoka. "Huyu ana lake jambo."

Hata hivyo bibi akapeleka chakula tena, bakuli likarudi vilevile. Mstari mzima ukaanza kunong'ona kuhusu uchawi. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilipenda kusikilizwa na wakubwa, nikaongeza chumvi: nikasema nimemwona akilisemesha bakuli kabla ya kulileta. Sikuona kitu. Basi kina mama wakaapa kwamba uchungu ukimshika, hakuna atakayekanyaga kwake. Mumewe alipopata habari alimpakia kwenye baiskeli, wakaondoka kurudi milimani, safari ya siku nzima, tumbo limeshashuka.

Wiki chache baadaye, sokoni Kilosa, bibi alimsimulia kisa hicho muuza maharage aliyetoka huko huko juu. Yule mama akacheka.

"Kwetu, bibi, ukiosha bakuli la jirani umemwambia basi, asilete tena. Huyo alikuwa anakupenda."

Tukarudi nyumbani. Ule uongo wangu sikumwambia bibi, na hata leo wewe ndiye wa kwanza kuusikia. Naona aibu.

Asubuhi bibi alichukua jembe, akaenda kupalilia shamba la yule dada, lililokuwa limezama majanini. Tulivuna mahindi yake, akayatundika darini mbali na yetu, akakataza yasiguswe. Kila lori lilipotoka upande wa milimani alitoka nje kutazama. Mahindi yalibunguliwa mpaka yakawa vumbi, na hatukujua kamwe kama yule dada alijifungua salama.