Wakili Aliyechunguzwa Kama Mkwe

Stanslaus alipopiga simu kutoka Mpulungu, Zambia, anakoishi na mkewe wa huko, kusema amepata nyumba ya kununua na muuzaji ameshamtafutia hata wakili, mama yake alikuwa anachagua mchele. Akaweka ungo chini.

"Wakili wake au wako?"

"Wetu wote, Mama. Inapunguza usumbufu."

Lucia Ndaki ni mwalimu mkuu mstaafu wa Mpanda, mjane wa mtu aliyeacha ng'ombe na jina safi. Ng'ombe walishakwenda mnadani kwa ajili ya nyumba hiyo. Jina lilibaki, naye hakutaka lifuate ng'ombe.

"Umeona wapi mshenga wa bwana harusi akausemea na upande wa binti? Tulia. Nitakutafutia wa kwetu."

Wifi yake Mwandu hupeleka mchele wa Usevya hadi Kasama, hukohuko Zambia, na huko alikuwa amesikia wakili mmoja, Mulenga, akisifiwa. Lucia akamtuma amchunguze. Mwandu alijua uchunguzi wa aina moja tu, ule wa kabla ya kutoa binti. Akawauliza majirani kama kwao wakili kuna kifafa, kama anapiga watu, kama mama yake anakula kwake. Alimfuata hadi kanisani.

Wakili akapiga simu mwenyewe. Alizungumza Kiingereza cha taratibu, somo ambalo Lucia alilifundisha hadi anastaafu.

"Mama, nimeheshimika sana. Lakini nina mke."

"Nimeambiwa. Na mama yako anakula kwako. Ndiyo maana nataka unikagulie hati ya nyumba."

"Hati tu?"

"Hati tu, baba."

Akaikagua. Nyumba ilikuwa ya marehemu kaka wa muuzaji, na mjane bado anaishi chumba cha nyuma. Hajasaini kitu. Hata kuulizwa hajaulizwa.

Stanslaus alilalamika. Wakili wa muuzaji, alisema, hakuona tatizo lolote.

"Angelionaje, wakati analipwa asilione?"

"Lakini Mama, yule mwanamke watamtoa tu, tununue tusinunue."

"Wamtoe wenyewe. Mtoto wa Ndaki hatalala kwenye chumba cha mjane."

Kisha akampigia Mulenga, akamwomba aende Mpulungu akamweleze yule mama haki zake.

"Sasa mteja wangu ni nani?" wakili akauliza.

"Yule wa chumba cha nyuma. Bili lete kwangu."

Stanslaus bado amepanga. Kodi analipa mwenyewe.