Hatua Kumi Kabla ya Korongo

Jirani yangu ndiye aliyenifundisha kukimbia. Tulikuwa tunaishi Kimara, nyumba yake na yangu zikitenganishwa na ukuta mmoja wa tofali. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mie muuzaji katika duka la dawa. Siku moja alikuja kwangu na raba kuukuu mkononi akasema, "Jirani, unazeeka kwa kukaa. Vaa hizi, twende."

Nikavaa, na haukupita mwaka tukawa tunakimbia na klabu ya jogging ya mtaani kwetu. Kwa upande wa wanawake yeye alikuwa wa kwanza, mie wa pili. Kila Jumapili ilikuwa hivyo. Nilizoea kuutazama mgongo wake, ile fulana ya kijani iliyolowa katikati ya mabega, mpaka nikawa naiota.

Zilipotangazwa mbio za nyika kule Kibamba, kilomita nane, vilabu kadhaa, nilijiambia kwamba safari hii nitampita. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, kocha wetu alitupeleka tukaikague njia. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mzee mkavu asiyependa maneno mengi. Jirani yangu hakuja kwa sababu kitinda mimba wake alikuwa na homa. Tulitembea kwenye vichaka na mashamba ya mihogo mpaka kilomita ya tano hivi, mahali njia inapogawanyika. Kulia unapanda kilima kikali ndani ya mihogo. Kushoto unapita juu ya ukingo wa korongo, pako tambarare na ni karibu zaidi.

Mie nilitangulia kushoto. Nilipokanyaga ule ukingo, nilisikia vishindo vya miguu yangu vikiitika kutoka chini, kama vile natembea juu ya pipa tupu. Nikasimama. Kwenye majani palikuwa na ufa, mwembamba, unaweza kuingiza vidole viwili. Nilichungulia korongoni nikamwona mchimba mchanga ameegemea koleo lake, ananitazama.

"Dada, toka hapo," alisema, wala hakupaza sauti. "Huku chini hamna kitu. Tumeshachimba mpaka ndani."

Nilirudi nyuma polepole. Nikamweleza kocha. Alikwenda akautazama ule ufa, akatikisa kichwa.

"Watapita kulia," alisema. "Hapa nitafunga utepe, na nitaweka mtu."

Jioni ile, nikianua nguo, jirani yangu aliniita kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Niambie, njia ikoje?"

"Ya kawaida," nikamjibu. "Kuna kilima kwenye mihogo, jiandae."

"Hicho tu?"

"Hicho tu."

Nilikuwa na majibu ya kujipa. Utepe utakuwepo na mtu atakuwepo, sasa nimtishe ya nini wakati ana mtoto mgonjwa? Lakini ukweli nilikuwa naujua hata nilipokuwa nakunja zile nguo. Nilitaka kuwe na kitu kimoja kuhusu zile mbio ambacho mie nakijua na yeye hakijui. Basi. Kilikuwa kitu kidogo hivyo.

Alfajiri mvua ikanyesha. Haikuwa kubwa, ila ilikuwa nzito na ya kimya, na ilipokatika mawingu hayakuondoka. Tulifika Kibamba tukakuta uwanja wa kuanzia umetota na watu wanaongea kwa sauti za chini. Nilimsalimia kocha, "Shikamoo," akaitikia huku macho yake yako kwenye mawingu. Nilitaka kumwuliza habari za utepe. Akaitwa, akaondoka, nami sikumfuata.

Wanawake tulitangulizwa. Kwa hiyo hakuna mguu uliokuwa umepita ile njia kabla yetu siku hiyo.

Kufika kilomita ya tatu tulikuwa wawili tu mbele. Matope yalitushika raba, kila hatua inang'oka kwa mlio. Jirani yangu alikuwa mbele yangu kwa hatua kama ishirini, na kwa mara ya kwanza nilimsikia anahema vibaya. Nikaongeza mwendo. Kichomi kilinibana ubavuni nikakipuuza. Hatua kumi na tano zikabaki. Kumi. Nikajua kabisa, leo nampita.

Ndipo tukatokea pale penye njia mbili.

Utepe mwekundu ulikuwa chini, umelala kwenye tope kama nyoka aliyekanyagwa. Mtu aliyepaswa kusimama pale hakuwepo. Baadaye nilisikia alikwenda kujikinga mvua kwenye banda la kufyatulia tofali akapitiwa na usingizi. Jirani yangu alitazama kulia, akakiona kilima. Akatazama kushoto, akaona tambarare. Akaingia kushoto.

Mie nilinyamaza.

Nimeirudia sehemu hii mara nyingi kichwani kuliko jambo lolote maishani mwangu. Sikunyamaza kwa kumtakia mabaya. Nilichowaza ni kwamba amekosea njia, watamtoa kwenye mbio, na mie nitashinda. Wazo hilo lilinichukua hatua kumi hivi, pengine kumi na mbili. Halafu nikaukumbuka ule mlio wa pipa tupu.

"Jirani!" nilipiga kelele. "Jirani, rudi! Usipite hapo!"

Akanisikia. Akasimama, akageuka kunitazama, uso wake una maswali. Na pale aliposimama ndipo ardhi ilipoachia. Nilisikia kishindo kama cha gunia linaloangushwa sakafuni. Palipokuwa na mtu pakawa na hewa tupu.

Sikumbuki nilivyoteremka. Nakumbuka nikiwa chini, magotini, na kichwa chake na mkono mmoja vinaonekana kwenye lundo la mchanga mbichi. Alikuwa hai. Mchanga ulikuwa umemfika shingoni, na kila akitoa pumzi ulikuwa unambana zaidi.

"Usiniache," alisema.

"Sikuachi."

Wachimba mchanga wawili walikuja mbio na makoleo. Mmoja alikuwa yule wa jana. Alinitambua, akanikazia macho kidogo, kisha akainamia mchanga. Wanariadha wengine walianza kujaa juu yetu, na yeye akawafokea, "Ondokeni ukingoni! Mtaushusha wote!" Karibu na kifua cha jirani yangu hatukuthubutu kutumia koleo. Tulichimba kwa vidole. Kila tulichotoa, nusu yake ilirudi. Juu yetu ukingo uliobaki ulikuwa unadondosha punje za mchanga, kidogo kidogo, shingoni mwangu, na nilikuwa nasubiri uje wote.

Haukuja. Tulimtoa baada ya muda ambao siwezi kuupima. Mguu wake wa kulia ulikuwa umegeuka upande usio wake. Tulimbeba juu ya mlango tulioung'oa kwenye banda mpaka barabarani, gari la mizigo likamchukua hospitali. Nyonga ilikuwa imevunjika, na paja pia.

Klabu walinipigia makofi. Kocha, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alinishika bega akasema, "Umemwokoa mwenzio." Mume wa jirani yangu alikuja nyumbani kwangu kunishukuru, akalia mbele ya watoto wangu. Nilimpa maji ya kunywa.

Wiki ya tatu nilikwenda wodini nikamwambia mwenyewe. Nilimwambia kuhusu Jumamosi, ufa, utepe, na zile hatua kumi. Alinisikiliza huku anatazama dari.

"Kama usingeniita," alisema mwishowe, "ningepita?"

"Sijui."

"Na kama ungeniita mapema?"

Hilo nilikuwa nalijua, na yeye aliona kwamba nalijua. Akafumba macho. Akaniomba nimwitie nesi, anataka kugeuzwa.

Walihamia Chamazi kwa dada yake, nyumba isiyo na ngazi. Mie niliacha klabu, ingawa huwa nakimbia peke yangu, barabarani, kwenye lami. Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda kumsalimia. Alinifungulia mlango mwenyewe, na fimbo. Tulikunywa chai na maandazi. Tuliongea habari za watoto, shule, bei za vitu. Hakuitaja siku ile, nami sikuitaja. Nilipoaga, dada yake alisema, "Msindikize mgeni wako," naye akasimama, akanifikisha mpaka kizingitini, akaishia hapo. Nilitembea mpaka kituoni peke yangu, na sikuweza kujua kilichomzuia ni mguu au ni mie.