Sauti ya Pili ya Mama Kabula

Acheni hizo RIP zenu. Nyie mliojaza status picha ya Mama Kabula na makopa yaliyopasuka, mara ya mwisho mlikaa naye benchi moja lini? Nani alimwona kanisani asubuhi ya katikati ya wiki? Basi nyamazeni niseme mimi.

Bado sijakubali. Jana tumemzika, na leo nimeamka nasikilizia kengele ya baiskeli yake.

Baiskeli yenyewe alikuwa haipandi! Anaisukuma tu, madumu ya asali ya Sikonge huku na huku, mpaka sokoni Gongoni. "Si uipande, mwanamke!" Anasema, "Nikianguka, asali utailamba wewe barabarani?"

Kabla hajauza hata chupa moja, anapita mlangoni kwangu. "Mwangaluka, Mama Shija! Umeamka, au mpaka nikuamshe?"

Tunakwenda ibada ya asubuhi: tunafungua madirisha ya kanisa, tunafagia kinyesi cha popo. Wimbo mmoja, neno, sala, kila mtu kwenye kazi yake. Mimi sauti ya kwanza, yeye ya pili. Zamani tulikuwa tunajaa. Mwishoni tukabaki wawili, na mchungaji akiwa hana safari.

Jamani, alikuwa anavuta wimbo! Ubeti mmoja maharage yanaiva. Nikimwambia aharakishe, jua linapanda, ananijibu, "Kwani Mungu anawahi bodaboda?"

Nilipomzika mwanangu Shija nilisema kanisani sirudi tena. Sikuwa na ugomvi na mtu. Nilikuwa nimekwisha tu. Watu walikuja na mistari yao ya Biblia, nikawafungia mlango. Mama Kabula hakuja kunihubiria.

Asubuhi moja napita kwenda sokoni, nikamsikia mle ndani. Peke yake. Anaimba sauti ya pili tupu! Wimbo hauna kichwa wala miguu. Nikasimama dirishani.

"We Mama Kabula, umechanganyikiwa? Ya pili unamwitikia nani? Si uimbe ya kwanza!"

Hata kugeuka hakugeuka. "Ya kwanza ina mwenyewe. Nikiikalia mimi, akirudi atakaa wapi?"

Nikaingia na kikapu changu. Nikaimba, sauti ikakatika, nikaanza tena ikakatika. Yeye akaendelea polepole mpaka nikamfikia. Kumbe kule kuvuta wimbo ndiko kungoja watu. Nami kelele zote zile nilizompigia!

Tangu siku ile nimekuwa mtu tena. Siyo kwa muujiza. Kwa kufagia na kuimba, kila asubuhi.

Sasa sikilizeni. Jana makaburini mzee wa kanisa mmoja, jina lake namhifadhia, kaninong'oneza: "Mama, ile ibada ya asubuhi tuipumzishe. Umebaki peke yako."

Nikamwambia, "Imechoka nini? Wewe umeibeba lini?"

Leo nimefungua madirisha mwenyewe. Nimeimba ya kwanza, polepole, nafasi yake nikaiacha wazi. Nilidhani sitamaliza.

Ubeti wa pili akaingia yule dada anayekaanga vitumbua ng'ambo ya barabara, mikono ina unga. Anasema, "Bibi, kila siku nawasikia. Leo nikaona wimbo umepungua." Akashika ya pili. Kakosea vibaya, kakosea hata pasipokoseka! Nimemwambia kakosea. Nikamwambia na kesho aje akosee tena.

Haya, Mama Kabula, tua madumu yako. Lala, mwenzangu, usiwe na wasiwasi. Sauti yako sijaikalia, naitafutia watu.

Na nyie mnaosoma huku mmelala chali: kesho jua halijachomoza muwe mlangoni pa kanisa. Mwenye sauti aje na sauti, asiye nayo aje na ufagio. Mabenchi ya sauti ya pili yako kushoto. Mkayajaze.