Wifi Alivyolipima Duka Langu

Mimi kazi yangu ni kupima watu. Futi iko shingoni tangu asubuhi, na ukiingia dukani kwangu nimeshakijua kiuno chako kabla hujasalimia. Kwa hiyo siku wifi yangu, dada wa mume wangu, aliponiambia anataka kunipima mimi, nilicheka mpaka nikaweka pasi chini.

"Si wewe, wifi," akasema. "Duka lako. Linavyofanya kazi."

Wifi ni mtu wa vitabu. Aliacha kazi nzuri ya benki akarudi chuo kikuu kusomea udaktari, ule wa vitabu si wa hospitali, na utafiti wake ulihusu biashara ndogo: zinajuaje kwamba zinakwenda vizuri, na zikishajua zinafanya nini. Wenye maduka wengine walimkubalia kisha wakamfukuza, wakidhani ni mtu wa kodi. Muda aliopewa na chuo ulikuwa unayoyoma. Nikimkatalia na mimi, miaka yote ile ingekuwa kazi bure. Damu nzito kuliko maji, nikamwambia aje, ila asinikalie njiani.

Akaja na ubao mweupe, akautundika juu ya vyerehani. Kila fundi ana safu yake. Nguo ikitoka na mteja asiirudishe kurekebishwa, fundi anawekewa alama. Ikirudishwa, alama inafutwa. Mwenye alama nyingi anapumzika Jumamosi. Hata mimi niliupenda. Mafundi wangu, ambao kwa ubishi hawana mpinzani, wakawa wapole ghafla, na nguo zikaacha kurudi. Wifi alikuwa akiutazama ubao ule kama mama anayetazama jino la kwanza la mwanawe. Msimamizi wake chuoni akamwambia sura ya mwisho sasa imejiandika yenyewe.

"Unaona, wifi? Ukikipima kitu, kinatengenezeka."

"Naona," nikasema. "Tuombe uzima."

Kumbe mbio za sakafuni. Siku moja natoka kununua uzi, namwona muuguzi mstaafu, mteja wangu tangu duka lilipokuwa na cherehani moja, anatoka duka la ng'ambo ya barabara na koti lake mkononi. Koti lile nimelibadilisha bitana mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Kulikoni, umetuhama?"

"Marahaba. Sikuhama, mwanangu, nimehamishwa. Fundi wako kaniambia siku hizi hamshiki nguo kuukuu."

Nikarudi dukani damu inachemka. Nikamuuliza fundi mkubwa, tunayemwita Kinyonga kwa taratibu zake. Hakuficha.

"Koti kuukuu lazima lirudi, bosi. Ukishona hapa, linachanika pale. Na wale wanaonenepa kabla hawajaja kuchukua nguo. Na yule wakili anayejigeuza kwenye kioo mpaka kioo kichoke. Wote hao ni wa kurudisha, basi tunawaambia tumejaa."

Wenzake wakainamia vyerehani kama hawapo. Nguo hazikurudi kwa sababu nguo ngumu hazikupokelewa kabisa, na wateja wangu wa zamani walikuwa wanavuka barabara mmoja mmoja.

Wifi alipofika nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako, na mengine ambayo mume wangu mpaka leo hajaambiwa. Nikamalizia: "Namba zako ni nzuri na profesa wako kazipenda. Zichukue, kaandike, upate udaktari wako. Sisi tuache."

Angeweza. Hilo ndilo nataka mlielewe. Hakuna mtu chuoni angejua habari za koti la muuguzi. Alikaa kwenye kiti cha wateja akalia kidogo, akajipangusa, akauteremsha ubao mwenyewe. Kisha akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwatafuta tuliowafukuza, awaulize walikuja na nguo gani na waliambiwa nini. Mimi nikafuatana naye, maana kumwomba radhi mteja si kazi ya kumtuma mtu. Wengi walirudi. Wakili alirudi na suruali za kupunguza, Mungu amsamehe.

Msimamizi alinuna. Sura nzima ikafumuliwa kama mshono uliopinda, na chuo kikamwongezea muda, kikisema safari hii ndiyo ya mwisho.

Siku ya kutetea tasnifu yake nilikaa kiti cha nyuma. Mtahini mmoja, mzee wa miwani, akamuuliza, "Kwa ufupi, kipimo chako kilifanya kazi au hakikufanya?"

"Kilifanya kazi barabara," wifi akajibu. "Kilimpotezea wifi yangu wateja, na kwenye ubao hakikuonyesha hata mmoja. Nimeandika kwa nini, na kitu gani kipimwe pamoja nacho. Mwenye duka yuko pale nyuma."

Vichwa vikageuka. Mzee akaniuliza kama, baada ya hasara ile, ningemruhusu tena aguse duka langu.

Nikasimama. "Mzee wangu," nikasema, "huyu alikuwa na namba nzuri mkononi, na mimi mwenyewe nilimwambia aondoke nazo. Akazikataa kwa sababu hazikuwa za kweli. Mtu wa hivyo namwachia na funguo."

Wakatutoa nje wajadiliane. Tulipoitwa tena, yule mzee alimwita wifi yangu Daktari, na nikalia mimi kuliko yeye.