Sweta Lenye Moshi wa Bani

Jumamosi, manyunyu tangu asubuhi. Mdogo wangu, aliyerudi likizo kutoka chuoni, kavaa sweta langu la zamani. Bado linanuka moshi. Nikakumbuka tulivyokaa mlangoni mwa bani la kukaushia tumbaku, yeye akisoma vitabu vya sekondari kwa sauti, mimi nikichochea moto na kumtangulia kujibu maswali.

"Leo ningekutana na yule mimi wa sekondari, ningemwambia asihangaike, mambo yatanyooka," mdogo wangu akasema, akinusa mkono wa sweta.

"Na mimi wa siku zile ungeniambiaje?"

"Dada, ningekwambia uache moto uzime, uende shule."

Nilimwonea wivu. Lakini niseme haki, tumbaku ile ndiyo iliyomsomesha.

Jioni tumekula ugali na uyoga. Kanipakulia mimi kwanza.