Ndoo Tisa Nyuma ya Banda

Mjomba alikuwa mpaka rangi, kwa hiyo ndoo hazikuwahi kutuishia. Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, alizileta tisa nyumbani kwetu Stratford, huku Uzunguni, akazitoboa chini, akazipanga ukutani nyuma ya jiko. Mama alipoona kilichoota hakuuliza. Mtu aliyekulia Tanga haulizi jani lile ni la nini.

"Bangi," alisema, kikombe cha chai mkononi. "Kwenye nyumba yangu."

"Kwenye ndoo zangu, dada," Mjomba akajibu.

Basi vita ikawa hiyo, kila siku. Mjomba alitaka kuzishusha ardhini. Alisema mti wa ndooni ni mfungwa, haunenepi, unakunywa maji kama ng'ombe na bado unabaki kibete. Mama naye alikuwa na sheria yake, na hakuna wakili angeipangua: kilicho ndooni ni cha mwenye kubeba ndoo, kilicho ardhini ni cha mwenye nyumba. Kitabu cha kodi kilikuwa na jina lake. Tulikuwa tunangoja majibu ya Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji, kama tutapewa karatasi za kukaa, mimi na yeye, mwaka wa nne huo, na kila mwezi tulikwenda kutia sahihi tukiwa tumevaa nguo za harusi.

"Wale wanatafuta sababu tu," Mama alisema. "Ukizipanda ardhini umeipanda bangi kwenye faili langu. Ukitaka kulima, kalime kwa yule mzungu wako aliyekufukuza."

"Na wewe uliyefukuzwa na nchi nzima?"

Ndivyo walivyozungumza, ndugu wa tumbo moja. Mjomba alishawahi kuoa raia wa huku, akapata pasipoti, ndoa ikafa, pasipoti ikabaki. Alikaa kwetu bure na kututukana bure.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Shule niliiacha mapema, nikawa napanga nguo kwenye hanga katika duka moja karibu na stesheni, na kichwani nilikuwa nimeshafungua duka langu la maua, lenye kengele mlangoni na aproni ya kijani. Nilipenda chochote chenye majani. Ningeweza kumwonea huruma hata kitunguu kilichochipua kwenye shelfu.

Mwezi wa saba Mjomba akapata kazi ya kupaka hoteli nje ya mji, wiki tano. Aliniachia kazi ya kumwagilia. Joto lile mnalikumbuka wenyewe mliokuwepo: ikifika saa sita mchana udongo wa ndooni umekuwa biskuti. Nilimwagilia asubuhi kabla ya kazi, narudi jioni nakuta majani yamelala, mikono imening'inia. Nikachungulia chini ya ndoo moja, mizizi ilikuwa imetokea matunduni inatafuta pa kwenda. Nikalia, kweli kabisa. Kwetu hakuna mtu anayefuga mmea kwenye ndoo. Mmea unapewa ardhi, basi, yaliyobaki ni yake.

Nyuma ya banda la vifaa kulikuwa na kipande ambacho Mama alikuwa akilima maboga kabla goti halijamvimba. Jumapili moja alipokwenda kanisani nilichimba mashimo tisa, nikaitoa mimea yote ndooni na kuihamishia humo. Nilijiona mtu mwema sana.

Jioni Mama akachungulia dirisha la jikoni. "Ndoo zimekwenda wapi?"

"Nimezihamishia nyuma ya banda, zisionekane."

"Hapo sasa umetumia akili," akasema. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyoipata kwake mwaka mzima, na ilikuwa ya uongo.

Basi zikajibu, jamani. Kila nikienda kuzitazama zimeongezeka, zimetanua mabega. Asubuhi moja nilimkuta Mama amesimama dirishani na bahasha ya kaunsili, halmashauri ya mji, mkononi, hatikisiki. Juu ya paa la banda vilikuwa vichwa vitatu vya kijani vinapunga upepo.

"Ndoo gani hiyo ndefu hivyo?" akauliza taratibu.

Nikamwambia. Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Barua ilisema mtu wa kaunsili atakuja Jumanne kukagua uzio wa nyuma.

Mjomba akarudi Jumamosi. Alizunguka nyuma ya banda, akatoka anacheka. "Mjomba wangu huyu! Ana mkono huyu! Nilisema mimi, ardhi ni ardhi!" Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Zing'oe," Mama akamwambia.

"Sing'oi. Zimebaki wiki chache tu."

"Jumanne anakuja mtu wa kaunsili."

"Mwambie ni maua."

"Zingekuwa ndooni ungezibeba ukaenda nazo. Sasa nimwambieje? Zimejiotea? Nimwambie binti yangu ana huruma?"

"Dada, woga wenu huo ni wenu. Nyie ndio wageni. Mimi wakija nawaonyesha pasipoti, nalala usingizi."

Mama alikaa kwenye kiti cha jikoni akaanza kulisugua goti lake. Nilimtazama yule mama anayeamka saa tisa usiku kwenda kusafisha ofisi za watu, nikaona anahesabu moyoni kama miaka minne inaweza kuishia kwenye mashimo niliyochimba mimi.

Jumatatu asubuhi Mjomba alipoingia kuoga, nilichukua kisu cha mkate na mifuko myeusi. Ndoo tisa ningezitoa kwa dakika tano. Ardhi haikukubali. Kila shina nililivuta kwa mikono miwili, linatoka na bonge la udongo, harufu imejaa mpaka kwa jirani. Nilikuwa nalia na kuziomba radhi, huku nazikatakata. Nilikuwa kwenye la saba aliposimama nyuma yangu na taulo kiunoni.

"Nyoka wewe," akasema. "Nyoka mdogo." Akanitemea mate miguuni. "Usiniite tena mjomba."

Nikang'oa la nane. Nikang'oa la tisa.

Alifungasha mchana uleule. Mama alimfungulia mlango, na ndiye kaka yake pekee aliyekuwa naye upande huu wa dunia.

Mtu wa kaunsili alikuja, akatingisha uzio, kiatu chake kikazama kwenye udongo laini. Akanitazama, akaangalia mashimo. "Digging?" akauliza. Mama akamjibu, "My daughter. She likes garden." Akaandika kitu kuhusu mbao, akaenda zake.

Mama alifunga mlango akaegemea. Nilidhani sasa atanikumbatia.

"Karatasi zikitoka," akasema, "utafute chumba chako. Yule kaka yangu nilimjua ubaya wake, nikaweka ulinzi. Kwako wewe sikuweka."

Zilitoka mwaka uliofuata, za wote wawili katika bahasha moja. Alisoma yake mara mbili, akanipa yangu, kisha akaniuliza nahama lini.